Nilimwita Akaja

Kuku watano waliingia kwangu Makorora, hapa Tanga, Jumamosi moja ya mwaka 2022, wamo ndani ya tenga, miguu imefungwa kwa kamba za katani. Walitoka Handeni, kwa marehemu mdogo wangu. Baada ya arobaini mwanawe alinipigia simu: "Mama mkubwa, nyumba tunaifunga. Hawa kuku niwauze au nikuletee?" Sikutaka vya marehemu viishie sokoni, nikamwambia alete. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo tulivyokua tukiambiwa, kwa hiyo kamba hazikunishtua. Nilichukua kisu cha jikoni nikazikata moja moja, na kila niliyemwachia alikimbia kana kwamba kisu kimemgusa. Watatu walijichimbia nyuma ya kuni, mmoja akaruka juu ya mlimau, na yule kishingo, asiye na manyoya shingoni, akajibana kati ya pipa la maji na ukuta. Alikaa hapo mpaka baada ya magharibi. Nilipokwenda kuchota maji ya kutawadha nilimsikia akihema.

Nimefuga kuku tangu nikiwa msichana, lakini wa kwetu wote walitotolewa uani, miguuni mwetu. Kifaranga huanza kusikilizana na mama yake akiwa bado ndani ya yai, kabla zile siku 21 hazijatimia, na akishatoka, anachokiona siku za mwanzo ndicho kinachokuwa dunia yake. Kwa kuku wa namna hiyo mtu ni sehemu ya ua, kama kinu na mtungi. Hawa wa Handeni walikulia kwenye uwanja mpana, wakijitafutia wenyewe, na mkono wa mtu waliujua kwa shughuli moja: watoto wanatumwa, kuku anakimbizwa mpaka pumzi zinamwishia, anakamatwa. Wala hakuna aliyewaonea. Ndivyo kuku anavyokamatwa katika vijiji vyetu vingi.

Mwanzoni nilikosea kama wanavyokosea wengi. Nilisimama katikati ya ua na bakuli la chenga za mchele, nikawarushia huku nawaita. Wakakimbia. Nikasogea nirushe karibu yao, wakakimbia zaidi. Siku kadhaa zilipita ndipo nikakumbuka jambo ambalo kila aliyewahi kulinda vifaranga analijua, kwamba kuku anaogopa cha juu. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, na sehemu ya uangalifu wake haitoki angani alikozoea kutokea mwewe. Kuku wana mlio wao wa hatari ya juu, mwembamba, wa kuvuta, na mwingine wa hatari ya chini, wa kukatakata, paka au kicheche akijitokeza. Msikilize jogoo kwa siku chache utatofautisha. Basi mtu mzima aliyesimama, amejitanda kanga inayopepea, ananyoosha mkono kutoka juu kuja chini, kwa kuku huyo ana tofauti gani na mwewe?

Nikaketi. Hilo ndilo jambo kubwa nililolifanya, na yote yaliyofuata yalitokana nalo. Kila siku baada ya alasiri nilitoa mbuzi ya nazi nikaikalia palepale, chini ya mlimau, nimevaa kanga ileile, nikakuna nazi bila kuwatazama. Kumkazia kuku macho yote mawili ni kumwonyesha kwamba umempania. Nikimaliza kukamua tui, machicha niliyaacha hatua kumi kutoka nilipo, nikaendelea na kazi zangu za kukaa, kuchambua mchele au kusoma. Kesho yake niliyaacha hatua tisa. Hawakukimbizwa, hawakukamatwa, hakuna aliyepiga mlango wa uani. Mjukuu wangu nilimkataza kukimbia saa ile, na nashukuru alinielewa, maana kwa mtoto kukimbia na kupumua ni kitu kimoja.

Siku ya tisa, yule mwenye madoa alikanyaga upindo wa kanga yangu. Alikuwa ameinua mguu mmoja, ameukunja kifuani, na shingo ameinyoosha mbele huku mwili wote umebaki nyuma, tayari kuondoka. Akadonoa kipande cha nazi kilichoanguka kutoka kwenye mbuzi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuuona ule utando mwembamba ukipita juu ya jicho lake na kurudi. Sikusogea mpaka goti likafa ganzi. Wiki mbili baadaye alikula kiganjani, mkono nimeulaza chini ardhini, vidole nimevikunjua. Mdomo wa kuku anayedonoa mkononi hauumi. Unagonga tu, kavu, haraka, na kila anapogonga unasikia uzito wa kichwa chake ulivyo mdogo.

Baada ya miezi miwili kuku wanne walikuwa wakinijia nikiwaita "ti-ti-ti-ti", hata wakiwa wamevuka kwa jirani. Madoa ndiye aliyetangulia daima. Kishingo alikuja mpaka hatua nne, hakuwahi kuzidi hapo.

Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza vizuri. Nilimzika mdogo wangu mwaka ule, na viumbe wake waliokuwa wakinikimbia sasa walikuwa wakinijia. Lakini nilikuwa sijajiuliza nimewafanya nini.

Zamani, mwanangu aliposoma falsafa chuo kikuu, aliniachia kitabu cha Bertrand Russell, Mwingereza, kilichotoka mwaka 1912, The Problems of Philosophy. Nilikisoma kwa taabu, na mfano mmoja ulinikaa kichwani kwa sababu ulikuwa wa kuku. Kuku analishwa na mtu mmoja kila siku ya maisha yake, na mtu huyohuyo siku moja anamnyonga shingo. Russell alitaka kutuonyesha udhaifu wa mazoea yetu ya kutarajia, kwamba jambo kutokea mara elfu si dhamana ya kutokea mara nyingine, hata jua kuchomoza kesho. Hoja yake nzito, naikubali. Ila nilipokuwa nimekaa na machicha kiganjani niliona kwamba mfano wote umeelekezwa kwa kuku: amefikiri vibaya, angefikiri vipi? Mimi nauliza juu ya yule mtu. Aliyekuwa akileta chakula kila asubuhi alijua siku zote anachokijua. Je, kosa ni la aliyeamini, au kuna deni kwa aliyeaminiwa?

Katika Kiswahili tuna amani, imani, amana, mwaminifu, muumini, yote kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Nimeyafundisha darasani miaka thelathini bila kuyasikia. Amana ni kitu cha mwenzio kilichowekwa kwako. Kuku anayekula mkononi mwangu ameweka kitu kwangu, na hakuwa na mahali pengine pa kukiweka.

Sasa nieleze lililotokea. Mwaka uliofuata, mwezi wa Rajabu, walikuja wageni wa posa bila kututaarifu mapema, watu wa heshima, wametoka Pangani. Nyama haikuwepo. Nilitoka uani na machicha, nikaita. Madoa alifika wa kwanza kama kawaida yake, akadonoa mara mbili kiganjani, nami nikamshika kwa mikono miwili. Hakupapatika. Kijana wa jirani alimlaza kuelekea kibla, kisu kikali, akataja jina la Mwenyezi Mungu, ikaisha kwa haraka. Hakuna sharti lililovunjwa. Wageni walikula wakashukuru.

Kesho yake niliita, na wale wengine wakaja.

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilitarajia waogope, wanikimbie wiki nzima, nianze tena kukaa na mbuzi yangu nikilipa nilichokifanya. Hawakukimbia. Walikuja watatu, wakala, wakachakura miguuni mwangu. Jirani yangu, ambaye ni mtu wa busara na rafiki wa miaka mingi, aliniambia, "Shoga, unajitesa bure. Aliyekufa hajui, na waliobaki hawajui. Sasa aliyedhulumiwa ni nani?" Nilikosa jibu. Ni swali zuri. Anayeumia kwa kusalitiwa ni yule aliyejua kwamba amesalitiwa, na hapa hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Nikalipeleka swali kwenye darsa letu la akina mama. Ustadhi hakucheka, Mungu amlipe. Alitukumbusha hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ya mama aliyemwita mwanawe mdogo aje ampe kitu, Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa ameketi nyumbani mwao. Mtume akamuuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akajibu kwamba alikusudia kumpa tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Nikaona jibu la jirani yangu limo humo. Mama hakuulizwa mtoto ataumia kiasi gani. Mtoto alikuwa bado hajafika, hajui lolote. Aliulizwa mwitaji, na aliyetajwa kuandikiwa ni mwitaji.

"Je, wewe ulimpa?" Ustadhi akaniuliza.

"Nilimpa. Alidonoa mara mbili."

"Basi hukusema uongo."

Ni kweli, sikusema uongo. Na bado moyo haukutulia, kwa sababu nilikwisha kuwa na kisa kingine cha namna hii, ambacho darsani sikukisema.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule moja ambayo sitaitaja. Kulikuwa na mtoto mtoro, mwembamba, mkimya, aliyekuwa akijificha kwenye mikorosho nyuma ya shule. Walimu wanaume walimkimbiza mara mbili wakamkosa. Mimi nilikwenda polepole, nikakaa chini kwenye majani, mbali kidogo, nikamwambia, "Njoo, mwanangu, tuongee." Nilikwenda siku tatu. Siku ya tatu akaja, tukaongea kwelikweli. Baba yake alikuwa amehama nyumbani, na yeye ndiye aliyekuwa akichota maji ya wadogo zake asubuhi. Nikamshika mkono tukarudi pamoja, na mlangoni mwa ofisi akapokewa na fimbo. Si yangu. Sikumwahidi kwamba hatapigwa. Nilisema njoo tuongee, na tuliongea. Kila neno langu lilikuwa la kweli. Hakunitazama tena usoni mpaka alipoacha shule.

Ninachokiamini, baada ya kuyaweka haya mawili pamoja, ni kwamba uongo si lazima ukae kwenye maneno. Sauti ya upole ina maana yake hata isipotamka ahadi. Ukikaa chini, ukanyoosha kiganja, ukasubiri siku tisa, umeshasema jambo refu sana kwa kiumbe kisicho na njia nyingine ya kukuelewa. Umemwambia: kutoka upande huu hakuna hatari. Aliyeambiwa akiwa hana lugha ya kuuliza maswali, wala nguvu ya kujitetea, ndiye anayestahili zaidi lile neno lisibatilishwe.

Wataalamu walioandika mwaka 2022 kuhusu mifupa ya kuku wa kale walieleza kwamba ya zamani zaidi inayoaminika kuwa ya kuku wa kufugwa ilitoka Ban Non Wat, Thailand, ya zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na kwamba ni nafaka za wakulima zilizowavuta ndege hao kutoka msituni. Nililipenda sana jambo hilo. Kama ndivyo, hatukuwapata kwa kuwakimbiza. Waliitwa na chakula, wakaja, na wanakuja mpaka leo.

Kuna aya ya 260 katika Suratul Baqara ambayo tangu hapo naisoma kwa namna nyingine. Nabii Ibrahimu anaomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyohuishwa, anaambiwa atwae ndege wanne. Neno linalofuata wafasiri wamelichukua kwa namna mbili. Wengi wamelifahamu kuwa ni kuwakatakata, na wengine kuwa ni kuwaelekeza kwake, kuwazoesha. Abu Muslim wa Isfahani alishikilia hilo la pili peke yake, kwamba ndege hawakukatwa kabisa: walizoeshwa, wakawekwa juu ya vilima, wakaitwa, wakaja. Wanazuoni wengi hawakumfuata, nami si mtu wa kumpa ushindi. Ninachosimama nacho ni kile wanachokubaliana wote: ndege wanaitwa, na wanamjia mbio aliyewaita. Baadhi ya tafsiri hutaja kwamba mmoja wao alikuwa jogoo. Katika aya hiyo wito wa aliyewazoesha unawaleta kwenye uhai. Mimi wito wangu nilikuwa nimeufanyisha kazi nyingine.

Nakula nyama, na sidai kwamba kuku asichinjwe. Mwenye kujua dini yangu anajua tumehimizwa kunoa kisu na kumpunguzia mnyama mateso, na ndani ya maagizo hayo kuna ruhusa. Lakini ruhusa ya kuchinja si ruhusa ya kuchinja kwa njia yoyote, na njia niliyoichukua ilikuwa mbaya kwa sababu ilikuwa nyepesi. Aliyeniamini zaidi ndiye aliyekufa kwanza. Kishingo aliyekataa kunijia alisalimika kwa ajili ya kukataa kwake. Ua ambao kuamini ndiko kunakoua na kuogopa ndiko kunakookoa, sikutaka kuwa mimi ndiye niliyeujenga.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti. "Ti-ti-ti-ti" ni ya chakula, basi. Sichinji aliyeitikia wito. Akihitajika kuku, anachukuliwa usiku, banda limeshafungwa, kwenye fito anapolala. Kuku gizani haoni sana, ametulia, na mkono unapita chini ya kifua, si kutoka juu. Usiku ndio pia wakati wa chanjo ya kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mkono wa usiku wanaujua kuwa ni mkono wa kushika. Haukuwahi kuwaambia kitu kingine.

Jirani yangu ananiambia kumchukua aliyelala si uungwana zaidi. Huenda. Nimelifikiria hilo sana, na sehemu yake sijaimaliza. Hata kule kutulia kwa Madoa mikononi mwangu sijui nikuite nini. Mjesuiti mmoja, Athanasius Kircher, aliandika mwaka 1646 jinsi kuku anavyoweza kulazwa chini na kubaki hapo bila kusogea, na vijana hapa mtaani hufanya hivyo kwa mchezo. Walioichunguza hali hiyo baadaye wanasema ni hofu, hofu iliyofika mwisho mpaka mwili unaganda. Watu wanaiona wanadhani kuku amestarehe. Nami nilipomshika Madoa nilijiambia hajapapatika kwa kuwa ananiamini. Inawezekana hakupapatika kwa kuwa wakati ule alikuwa ameshaelewa.

Wenye kuku waoga wananiuliza, "Nifanye nini wanizoee?" Nawaambia yote niliyoandika hapa: kaa chini, saa ileile, nguo ileile, machicha au kumbikumbi, kiganja kilale ardhini, usiguse mgongo, usimkimbize hata mara moja, maana mbio moja hufuta wiki mbili. Kisha nawaomba jambo moja kabla hawajaanza, na wewe msomaji nakuomba vilevile. Amua kwanza wito huo utakuwa wa nini. Ukishaamua usiubadilishe, hata wageni wakija.

Kuku sasa ni kumi na mmoja. Kishingo yumo, amezeeka, hatagi tena, na bado haji mkononi. Fungu lake naliweka chini ya mlimau, hatua nne, kisha naingia ndani.